Kabla Hujamwita Mtukutu: Tezi ya Shingo Inapozidisha Kazi kwa Watoto na Vijana



Naomba tuanze na madaftari. Chukueni madaftari mawili ya mwanafunzi mmoja wa darasa la saba, moja la Januari na jingine la Juni. Katika la Januari herufi zimekaa juu ya mstari, zimenyooka, kila neno lina nafasi yake. Katika la Juni mwandiko unapanda na kushuka, mikia ya herufi inatetemeka, na pembeni pana wino mwekundu wa mwalimu: "Huna utulivu. Mlete mzazi." Mzazi anakuja. Anaelezwa kwamba binti yake hakai kwenye dawati, anaomba ruhusa ya chooni kila kipindi, analia akiulizwa swali dogo, na alama zake zimeporomoka. Mzazi naye anaongeza ya nyumbani: halali, anakula kuliko kaka zake na bado sketi inamlegea kiunoni, anawajibu wakubwa kwa ukali. Wote wawili wanakubaliana kwamba mtoto ameharibika tabia. Hapo ndipo fimbo huanza, au maombi, au safari ya kwa mganga.

Sisi madaktari wa watoto tunamjua mtoto huyo. Huletwa kwetu miezi mingi baada ya wino mwekundu wa kwanza, na mara nyingi kwa sababu nyingine kabisa: shingo imevimba, macho yametoka, au ameanguka kwenye mchakamchaka. Tukipima damu, majibu yanaonyesha kwamba tezi iliyo mbele ya shingo yake inatoa homoni nyingi kuliko mwili unavyohitaji. Ugonjwa huu una dawa tangu mwaka 1943. Kinachotushinda ni kuuona mapema, na ndiyo maana nimeomba nizungumze nanyi, watu mnaoshinda na mtoto na kulala naye nyumba moja, kuliko nizungumze na madaktari wenzangu.

Tezi yenyewe inaitwa thairoidi. Iko chini kidogo ya kikoromeo, ina pande mbili zilizounganishwa katikati, imelikumbatia koromeo la hewa. Kazi yake ni kuchukua madini joto kutoka kwenye chakula na kutengeneza homoni mbili, T4 na T3, ambazo huingia kwenye damu na kufika kila pembe ya mwili. Homoni hizi ndizo zinazopanga moyo upige kwa kasi gani, utumbo usukume chakula kwa haraka gani, mwili uzalishe joto kiasi gani. Kwa mtoto zina kazi nyingine mbili kubwa: kukuza mifupa na kukomaza ubongo. Nayo tezi haijitawali. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo sana, pituitari, ambayo huituma kwa homoni ya amri iitwayo TSH. Homoni za thairoidi zikipungua, TSH hupanda ili kuisukuma. Zikizidi, TSH hushuka hadi karibu na sifuri. Herufi hizo tatu mzikariri, maana nitawaomba mzitamke hospitalini.

Kwa watoto, zaidi ya visa 95 katika kila 100 vya tezi kuzidisha kazi hutokana na ugonjwa mmoja, ugonjwa wa Graves. Ndani yake kinga ya mwili hukosea adui. Hutengeneza kingamwili zinazojibandika mahali pale pale TSH inapojibandika, zikaiamuru tezi ifanye kazi. TSH huacha kuamuru homoni zikitosha, lakini kingamwili hizi haziachi hata homoni zikizidi. Ni kama mgeni aliyebonyeza kengele ya mlango akaacha kidole chake hapo usiku kucha. Tezi inavimba, homoni zinafurika, moyo unakimbia hata mwenye moyo akiwa amelala.

Hakuna mtoto aliyejiletea ugonjwa huu, wala mzazi aliyeusababisha kwa chakula alichopika au kwa hasira zake. Kuna kurithi kiasi: ukiuliza kwa utulivu utasikia shangazi aliyekatwa rovu, bibi aliyekuwa na macho makubwa, mjomba mwenye kisukari cha utotoni. Wasichana huupata mara kadhaa zaidi kuliko wavulana, na wengi wao hushikwa wakati wa kubalehe. Watoto wenye kisukari aina ya kwanza na wenye ugonjwa wa Down wako karibu zaidi na hatari. Si ugonjwa wa kila nyumba. Uingereza na Ireland, zilipowahesabu wagonjwa wapya wa chini ya miaka 15 mwaka 2004, zilipata takriban mtoto mmoja katika kila watoto 100,000. Lakini uchache huo ndio unaomponza mtoto, kwa sababu mwalimu anaweza kufundisha maisha yake yote na kukutana na mgonjwa mmoja tu, na huyo mmoja akampita.

Kuna sababu nyingine ya kumkosa, na hii ni yetu sisi watu wa tiba. Walioueleza ugonjwa huu kwanza waliwaeleza watu wazima. Caleb Parry wa mji wa Bath, Uingereza, alimwona mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1786, ingawa maandishi yake yalichapwa mwaka 1825, baada ya yeye kufariki. Robert Graves wa Dublin aliandika mwaka 1835 kuhusu wanawake wenye mapigo ya moyo ya nguvu na shingo zilizovimba. Karl von Basedow wa Merseburg, Ujerumani, akafuata mwaka 1840, na yeye ndiye aliyeziweka pamoja ishara tatu ambazo wanafunzi wa udaktari hukariri hadi leo: shingo, macho na moyo. Ni ishara za kweli. Tatizo ni kwamba daktari aliyezikariri huzingojea, ilhali kwa mtoto ugonjwa huingia kwa mlango wa tabia, na macho huenda yasitoke kabisa au yakatoka kidogo tu. Anayesubiri macho atasubiri sana.

Niwasimulie pia kisa cha mtoto, ili muone tezi hii ina uzito gani katika utoto. Mwaka 1874, katika mji wa Bern nchini Uswisi, daktari mpasuaji Theodor Kocher alimwondolea msichana wa miaka 11 tezi yote kwa sababu ya rovu. Kidonda kilipona vizuri. Baada ya miaka kadhaa Kocher alipata habari kwamba msichana yule amebadilika, akawaita wagonjwa wake wa zamani awakague. Yule msichana alikuwa ameacha kukua. Mdogo wake alikuwa amempita kwa urefu, na akili ya msichana mwenyewe ilikuwa imedumaa. Kocher alitangaza matokeo hayo mwaka 1883 bila kujificha na akaacha kuondoa tezi nzima kwa ugonjwa wa rovu. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya tezi hii. Siku hizi mtoto aliyeondolewa tezi hupewa kidonge cha levothairoksini kila asubuhi, anakua kama wenzake. Lakini somo la Bern limebaki: homoni hii ikikosekana mtoto husimama kukua, na ikizidi hukimbizwa.

Hilo la kukimbizwa tulitazame kwa karibu. Mtoto mwenye homoni nyingi hurefuka haraka. Wazazi hufurahi, majirani husifu, suruali ya mwaka jana inaishia juu ya vifundo. Kumbe mifupa inakomaa kabla ya wakati wake. Anatokwa jasho wakati wenzake wamevaa sweta. Usiku anaacha godoro na kulala sakafuni. Anakula sana na kukonda, ingawa wapo wachache wanaonenepa kwa sababu ya huko kula, na hao hutuchanganya zaidi. Anakwenda haja kubwa mara tatu au nne kwa siku. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaweza kuanza tena, akaaibishwa. Misuli ya mapaja hudhoofika: mtazameni anavyoinuka kutoka kuchuchumaa, anasukuma magoti kwa mikono, anavyopanda ngazi, anashika ukuta. Mwambieni anyooshe mikono mbele, vidole vimetandazwa, kisha wekeni karatasi juu ya vidole. Karatasi itawaonyesha mtetemeko ambao macho yenu hayakuuona.

Kubalehe hufunika mengi. Kila nilichokitaja hapo juu, mtu mzima yeyote anaweza kukipachika kwenye "umri mbaya": hasira, machozi, kukosa usingizi, kutokutulia, kurefuka. Hedhi ya msichana huwa kidogo au hukoma, na katika shule zetu msichana aliyekosa hedhi hushukiwa mimba kabla hajaulizwa kama analala. Nasikitishwa sana na hili. Binti anapimwa mimba, kipimo kinasema hana, na kila mtu anapumua kana kwamba swali limejibiwa. Swali halijajibiwa. Hedhi yake imekwenda wapi?

Hospitalini nako njia za kupotea ni nyingi. Mtoto aliyekonda na kutoka jasho usiku hupimwa kifua kikuu, na ni haki apimwe. Hupimwa virusi vya UKIMWI, na ni haki. Moyo ukienda mbio hufikiriwa ugonjwa wa valvu za moyo, ambao kwetu ni wa kweli na ni mwingi. Kosa ni kuishia hapo majibu yote yanapokuwa safi, mtoto akarudishwa nyumbani na vidonge vya vitamini. Wanaolea vijana wanaoishi na virusi vya UKIMWI wajue jambo moja zaidi: mwaka mmoja hadi mitatu baada ya kuanza ARV, kinga inapojijenga upya, ugonjwa wa Graves unaweza kujitokeza. Kijana aliyekuwa ananenepa vizuri akaanza kukonda tena si lazima awe ameacha dawa. Msimgombeze kabla hamjampima.

Kuna kipimo ambacho kila mzazi anaweza kukifanya bila kulipa chochote. Mtoto akiwa amelala usingizi mzito, wekeni vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, upande wa dole gumba, mtafute mapigo, mhesabu dakika nzima kwa saa. Msihesabu nusu dakika mkazidisha. Fanyeni hivyo usiku mbili tatu. Mtoto wa shule aliyelala, moyo wake hupiga takriban kati ya 50 na 90. Ukipita 100 usiku baada ya usiku, naye hana homa, mpelekeni hospitali na hesabu zenu mmeziandika. Sababu ya kuhesabu usingizini ni hii: mchana moyo unaweza kukimbia kwa hofu ya daktari, kwa michezo, kwa aibu. Usiku hauna cha kusingizia.

Sasa nije kwenye shingo, kwa sababu hapa pana jambo linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko watu wengine. Wazee wetu wa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, na wa milima ya Kivu huko Kongo, waliishi na rovu vizazi kwa vizazi kwa kukosa madini joto. Kampeni za chumvi yenye madini joto zilizoenea miaka ya 1990 zilifanya kazi kubwa, na watu wengi waliokoka, hasa watoto ambao wangezaliwa na akili pungufu. Lakini kampeni zile ziliacha mazoea fulani vichwani mwetu: shingo ikivimba, mtu anaona upungufu wa chumvi. Mama anaongeza chumvi kwenye mboga ya binti yake na kungoja. Kwa ugonjwa wa Graves tiba hiyo haisaidii kitu, na miezi inapita. Wengine hupaka dawa za miti au huchanja chale juu ya uvimbe. Chale juu ya tezi yenye mishipa mingi ya damu ni hatari tupu.

Tena madini joto yenyewe yakiingia ghafla kwa watu waliokaa na rovu muda mrefu yanaweza kuifanya tezi izidishe kazi. Jambo hilo lilitokea Kivu na Zimbabwe miaka hiyo ya 1990, zaidi kwa watu wazima wenye rovu la zamani lenye vinundu, na baadhi waliugua vibaya moyo. Naomba nieleweke: msiache chumvi yenye madini joto. Watoto wenu wanaihitaji kila siku, na madhara ya kuikosa ni makubwa mno kuliko hayo. Ninachokataa ni kuifanya dawa ya kila shingo, na zaidi ya hapo nakataa vidonge vya mwani na virutubisho vya madini joto vinavyouzwa mitandaoni kwa vijana.

Shingo ya mtoto mwenye Graves huvimba laini na sawasawa pande zote mbili. Akimeza maji, uvimbe hupanda na kushuka. Kinundu kimoja kigumu cha upande mmoja ni habari nyingine, nacho kichunguzwe haraka.

Hospitalini tamkeni zile herufi. Semeni: "Daktari, tunaomba apimwe TSH na homoni za tezi." Hakuna daktari mwema atakayechukia. TSH ikiwa chini kabisa na T4 au T3 ikiwa juu, ugonjwa umeonekana. Isisitizwe T3, kwa sababu kwa watoto huweza kupanda peke yake mwanzoni, na mtoto aliyepimwa T4 tu akaambiwa ni mzima. Baada ya hapo hutafutwa zile kingamwili za Graves, ambazo maabara nyingi za wilaya hazizipimi. Damu hutumwa kwenye hospitali kubwa. Kituo cha afya kisichokuwa na kipimo cha TSH nacho kinaweza kutoa rufaa kwa kuangalia mapigo, uzito na mtetemeko. Na wasichana mnisikilize: vidonge vya kukuza nywele na kucha vina bayotini kwa wingi, na bayotini huvuruga majibu ya vipimo hivi, mtu mwenye afya akaonekana mgonjwa. Mwambieni daktari mnavyovitumia, mviache angalau siku mbili kabla ya kutolewa damu, na zaidi ya hapo kama dozi ni kubwa.

Tiba huanza kwa vidonge. Edwin Astwood wa Boston ndiye aliyeonyesha mwaka 1943 kwamba dawa za jamii hii huizuia tezi isitengeneze homoni. Leo mtoto hupewa kabimazoli au ndugu yake methimazoli, kwa kiasi kinacholingana na uzito wake. Shirika la Afya Duniani liliiweka methimazoli kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, kabimazoli ikiwa mbadala wake. Kwa kuwa homoni zilizokwisha kutengenezwa bado zimo mwilini, nafuu huja baada ya wiki kadhaa, na katika kipindi hicho moyo hutulizwa kwa propranololi. Mwenye pumu aseme mapema, kwani propranololi inaweza kumbana kifua. Kuna dawa ya zamani, propilthiourasili, ambayo bado imo kwenye baadhi ya makabati. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali juu yake baada ya watoto kuharibika ini, wengine wakafa au kuhitaji ini jipya. Mtoto akiandikiwa hiyo, mzazi ana haki ya kuuliza kwa nini hakupewa kabimazoli.

Nalo hili la kabimazoli nataka lishikwe na kila mtu aliyemo humu, mpaka matroni wa bweni. Mara chache, chini ya mtu mmoja katika 200, dawa hii huangusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopambana na vijidudu. Hutokea zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo. Dalili yake ni homa na koo kuuma, au vidonda mdomoni. Nyumbani kwetu homa na koo kuuma ni panadoli na maji ya limau, kisha kungoja asubuhi. Kwa mtoto huyu usingoje. Dawa isimamishwe saa ile ile, apelekwe hospitali usiku huo huo apimwe picha kamili ya damu, na anayempokea aambiwe: "Anatumia kabimazoli." Andikeni maneno hayo kwenye karatasi, mkaibandike ndani ya jalada la daftari lake la kliniki. Ngozi kuwasha, macho kuwa ya manjano na tumbo kuuma upande wa kulia juu nazo ni sababu za kurudi haraka.

Hatari ya pili ni ya wale wanaoendelea vizuri. Mwezi wa tatu mtoto ameanza kunenepa, analala, anafaulu majaribio, na mzazi anaona dawa za nini tena, pesa zenyewe ngumu. Vidonge vinaachwa, na ugonjwa unarudi. Ukikumbana na maambukizi makali au upasuaji, homoni zinaweza kufumka kwa nguvu: homa kali, moyo kwenda mbio kupita kiasi, kuchanganyikiwa, na kifo. Vidonge humezwa miaka miwili kwa uchache, na mara nyingi zaidi. Niseme ukweli wote: watoto hupona kwa vidonge peke yake wachache kuliko watu wazima. Baada ya miaka miwili, takriban watatu tu katika kila kumi huachishwa dawa na ugonjwa usirudi. Kuendelea na vidonge kwa miaka mingi, chini ya uangalizi, huongeza idadi hiyo.

Kwa wale ambao ugonjwa haukubali kuondoka, au dawa imewadhuru, zipo njia mbili. Ya kwanza ni upasuaji wa kuondoa tezi, ambao kwa mtoto ufanywe na mpasuaji anayeondoa tezi nyingi kila mwaka, kwa sababu mshipa wa fahamu wa sauti na tezi ndogo zinazotunza kalsiamu viko pale pale. Ya pili ni kumeza ayodini, yaani madini joto, yenye mionzi, tiba iliyoanzishwa na Saul Hertz mjini Boston mwaka 1941. Tezi huinyonya, na mionzi ikaiua tezi kutoka ndani. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano huepukwa. Tanzania ina huduma ya tiba ya nyuklia katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Njia zote mbili humwacha mtoto bila homoni yake, naye atameza levothairoksini maisha yake yote. Ni kidonge kimoja kwa siku, na yule msichana wa Bern angekuwa nacho maisha yake yangekuwa mengine.

Wazazi huniuliza kama kuna wataalamu wa kutosha. Hawatoshi, ila wanaongezeka: tangu mwaka 2008 kuna kituo Nairobi kinachofundisha madaktari wa watoto kutoka nchi nyingi za Afrika ubingwa wa homoni, na waliohitimu wamerudi makwao kufungua kliniki. Daktari wa watoto wa hospitali ya mkoa akiwasiliana na mmoja wao kwa simu, mtoto anaweza kutibiwa karibu na kwao.

Walimu, ninyi mnaweza mengi wakati dawa inafanya kazi. Mwondoleeni mchakamchaka na michezo mpaka daktari aruhusu, kwa sababu moyo wake umekwisha kukimbia siku nzima. Mruhusuni chooni bila maswali. Mkalisheni karibu na dirisha. Kama mtihani wa taifa uko karibu, daktari atoe barua nanyi muipeleke panapohusika. Nyumbani, wavuta sigara watoke nje, mbali na mtoto, kwani moshi huyaharibu macho ya mwenye ugonjwa huu. Na ongeeni naye mkimwomba radhi kwa adhabu alizopata. Mimi naona hiyo ni sehemu ya tiba, kwa sababu mtoto aliyeambiwa mwaka mzima kwamba ni mbaya huamini.

Nanyi vijana, tafuteni habari za Gail Devers, mwanariadha wa Marekani. Alikimbia Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, akaanza kuugua bila kujua anaugua nini. Ugonjwa wa Graves ulitambuliwa mwaka 1990. Aliteseka na tiba pia, mpaka miguu yake ikavimba na kutoka damu, na ikazungumzwa kuikata. Mwaka 1992 huko Barcelona alishinda mbio za mita 100, na mwaka 1996 Atlanta akashinda tena. Alikuwa mtu mzima, mwenye madaktari na walimu wa riadha wakimtazama mwili kila siku, na bado ilichukua zaidi ya miaka miwili kumjua anaumwa nini.

Nimalizie na binti huyu akishakua, kwa sababu ugonjwa huu una uwezo wa kuvuka kizazi. Kabimazoli katika miezi mitatu ya mwanzo ya mimba inaweza kumlemaza mtoto tumboni, kwa hiyo mwanamke anayeitumia amwone daktari kabla ya kutafuta mtoto, abadilishiwe dawa. Na zile kingamwili hupita kwenye kondo la nyuma na kuifikia tezi ya kichanga. Hutokea kwa wachache, mtoto mmoja hadi watano katika kila mia ya akina mama wa aina hii, lakini kichanga huyo huugua kweli: moyo mbio, hanyamazi, ananyonya sana na haongezeki uzito. Mama akiwa anatumia vidonge, mtoto anaweza kuonekana mzima siku za mwanzo, kisha akaugua nyumbani dawa ya mama inapomwisha mwilini. Akitambuliwa, hutibiwa miezi michache mpaka kingamwili za mama ziishe, na anapona. Asipotambuliwa anaweza kufa kwa moyo kushindwa.

Mama aliyekatwa tezi au kuunguzwa kwa mionzi miaka kumi iliyopita naye bado anaweza kuwa na kingamwili hizo, ingawa yeye mwenyewe anajihesabu amepona na kovu la shingoni limefifia. Kwa hiyo, dada zangu, ukiwahi kuugua tezi hii, hata utotoni, liseme siku ya kwanza ya kliniki ya wajawazito. Liseme hata usipoulizwa, na usiondoke mpaka nesi ameliandika kwenye kadi.